Barabara Moja, Mizigo ya Nchi Nne: Asili ya Msongamano wa Magari Mjini Mbarara



Yeyote kati yenu aliyepata kusimama katika njia panda za High Street mjini Mbarara, siku ya kazi, saa mbili za asubuhi, anaijua hali yenyewe bila ya kuelezwa. Upande mmoja lori la mafuta limesimama likiunguruma. Upande wa pili lori la ndizi kutoka Isingiro limeegeshwa palipokatazwa. Kati yao pikipiki zinapenya kila palipo na upenyo. Na askari mmoja mwenye sare nyeupe ana mikono miwili tu. Nyuma kabisa ya foleni hiyo huenda likawamo gari la wagonjwa lililotoka katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mwendo wa kilomita kama 60, likimleta hospitali ya rufaa mama aliyeshindwa kujifungua. Dereva anapiga king'ora. Hapana anayempisha, wala si kwa ubaya wa moyo, bali kwa kuwa hapana mahali pa kujisogeza.

Katika hali kama hiyo watu hutoa hukumu upesi. Wako wasemao kwamba kosa ni la bodaboda. Wako wasemao kwamba ni la wakimbizi wa Nakivale, ati wamejaa mjini. Hukumu hizi ni nyepesi mno, na ubaya wake ni kwamba hatimaye huangukia mabegani mwa askari, maana ndiye anayetumwa kwenda kuzitekeleza. Kwa hiyo yafaa leo tuitazame historia ya barabara hii na mji huu, tuone msongamano wa magari ulitoka wapi, ulikuwa ukikua lini, na ni lini ulipotoweka kabisa.

Mbarara, ambayo jina lake latokana na majani ya malisho yaitwayo emburara, haikuanzishwa kuwa mji wa biashara. Waingereza walikifanya kituo cha utawala mwishoni mwa karne ya 19, karibu na mto Rwizi, na baada ya Mkataba wa Ankole wa mwaka 1901 kikawa makao ya wilaya. Ikulu ya Omugabe ilikuwa juu ya kilima cha Kamukuzi. Chini yake zilikuwako ofisi chache, maduka machache, na njia za ng'ombe wenye pembe ndefu. Mpimaji ardhi aliyechora barabara kuu ya kituo hicho aliipitisha katikati. Hakuna awezaye kumlaumu kwamba hakuona trela za magurudumu 22 zikija.

Lakini yako maamuzi mengine ambayo uzito wake twaubeba hata leo, na kubwa kuliko yote ni lile la reli. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901 na Kampala mwaka 1931. Ilipoendelezwa kuelekea magharibi, haikuja Ankole. Ilikwenda Kasese, ikafika huko mwaka 1956, kwa sababu serikali ya kikoloni na wenye mitaji waliitaka shaba ya Kilembe. Mbarara ikaachwa kando. Tangu siku hiyo kila gunia la kahawa, kila ng'ombe wa kuchinjwa, kila mfuko wa saruji na kila pipa la mafuta lililokwenda au kutoka kusini-magharibi ya Uganda halikuwa na njia ila ya magurudumu ya mpira. Nayo njia ya Kasese yenyewe, baada ya uchimbaji wa shaba kusimama, ilikufa katika miaka ya 1990. Mtu akiuliza kwa nini malori ni mengi Mbarara, jibu la kwanza si bodaboda wala mkimbizi. Jibu la kwanza ni reli isiyokuwako.

Hata hivyo, katika miaka ya kwanza ya Uhuru msongamano haukuwa tatizo. Mabasi ya kampuni ya Uganda Transport Company yalikwenda kwa saa zilizojulikana, na abiria aliweza kupanga safari yake kwa kutazama ubao. Magari ya watu binafsi yalikuwa machache. Kisha ikaja miaka ya 1970.

Wengi wenu mlisikia habari za miaka hiyo kwa wazee wenu katika kazi. Tarehe 17 Septemba 1972, wapiganaji waliomuunga mkono Obote walivuka kutoka Tanzania wakashambulia Masaka na kambi ya Simba mjini Mbarara, wakashindwa. Katika majuma yale yale Waasia walikuwa wakifukuzwa nchini kwa amri ya siku 90. Pamoja na wenye maduka waliondoka wenye gereji, waagizaji wa vipuri, na mafundi waliojua kuifungua injini na kuirudisha ilivyokuwa. Basi lililoharibika likabaki limeharibika. Mwezi Julai 1976, baada ya shambulio la Waisraeli katika uwanja wa ndege wa Entebbe, Kenya ilibana mafuta yaliyokuwa yakipitia kwake. Petroli ikawa bidhaa ya magendo, ikiuzwa kwa chupa. Barabara ya Kampala hadi Mbarara ikawa nyeupe, mtu aweza kutembea katikati yake.

Kisha vita vya Kagera. Majeshi ya Amin yaliivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na mwishoni mwa Februari 1979 Jeshi la Wananchi wa Tanzania, kwa upande huu likiongozwa na Brigedia Silas Mayunga, liliiteka Mbarara. Sehemu kubwa ya majengo ya mji ilibomolewa kwa mizinga na kwa baruti. Kwa muda baada ya hapo hapakuwa na foleni ya gari hata moja mjini Mbarara. Twalitaja jambo hili makusudi. Kuna watu leo wanaotamani barabara tupu kana kwamba utupu wenyewe ni neema. Mji huu umekwisha kuwa na barabara tupu, na waliokuwako hawaisifu hali hiyo.

Hapa pana jambo la kijeshi ambalo si vema kulipita. Tanzania iliweza kuyafikisha majeshi yake mbali namna ile kwa sababu, pamoja na mengine, ilikusanya malori na mabasi ya raia yakabeba askari, chakula na risasi. Gari la raia na barabara ya raia ndivyo vinavyobeba vita, na barabara hiyo ikikwama, jeshi hukwama nayo. Ulimwengu mzima uliliona hilo mwezi Machi mwaka 2022, pale msafara wa magari ya jeshi la Urusi wenye urefu wa kilomita zaidi ya 60 ulipokwama kaskazini ya mji wa Kyiv kwa siku nyingi, magari yakifuatana na kuzuiana. Ofisa aliyepata kupeleka msafara kutoka Makenke kupitia katikati ya Mbarara mchana wa siku ya soko hahitaji kupelekwa Ulaya kujifunza somo hilo.

Sasa tutazame Nakivale. Makazi haya ni ya zamani kuliko Uhuru wa Uganda. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, kwa ajili ya Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959. Walikuja kwa miguu, wengine wakiswaga ng'ombe, wakapewa ardhi kando ya ziwa Nakivale, katika nchi ambayo siku hizi ni wilaya ya Isingiro na zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbarara. Watu waliofika kwa miguu hawakuleta msongamano wa magari. Mwezi Oktoba 1982, makumi ya maelfu ya watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa majumbani mwao katika Ankole. Wengine walivuka mpaka, wengine wakarudi kujibanza Nakivale na Oruchinga. Ni ukurasa mbaya, nao wapasa kukumbukwa na kila askari ambaye leo anaambiwa na mpita njia kwamba "wageni wamezidi".

Mwaka 1990, usiku wa kuamkia Oktoba mosi, malori yaliyobeba wapiganaji wa RPF yalielekea Kagitumba. Wengi wao walikuwa watoto waliokulia katika makazi ya wakimbizi. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 wakimbizi wa zamani walirudi kwao kwa maelfu, nao wakimbizi wapya wakaingia. Tangu vita vya Kongo vya mwaka 1996 mlango haukufungwa tena: Wakongo wa Kivu, Warundi hasa baada ya mwaka 2015, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Katika miaka hii ya 2020 Nakivale ina watu zaidi ya 150,000, na lugha inayowapatanisha sokoni ni Kiswahili, lugha ile ile iliyowapatanisha askari wa makabila yote katika kambi zetu tangu siku za King's African Rifles.

Idadi hiyo ni karibu sawa na ya mji wa Mbarara wenyewe ulivyohesabiwa mwaka 2014. Kwa hiyo si uongo kusema kwamba Nakivale inaongeza safari. Mahindi na maharagwe ya wakulima wa Nakivale hutoka kwa malori. Vitenge, sabuni, mafuta ya kupikia na mabati huingia. Wagonjwa huletwa, wanafunzi huja, wafanyakazi wa mashirika huenda na kurudi kila siku kwa magari yao makubwa meupe, mara nyingi mtu mmoja nyuma ya usukani na viti vitupu vinne. Lakini mkimbizi mwenyewe husafirije? Hupanda teksi ndogo iliyotengenezwa kwa watu watano, ikabeba saba na pengine wanane. Hilo ni kosa la sheria, nasi hatulitetei. Ila kwa hesabu ya nafasi ya barabara, ambayo ndiyo hesabu tunayoifanya leo, watu wanane katika gari moja hawawezi kuwa chanzo cha msongamano kuliko mtu mmoja katika gari lake. Zaidi ya hayo, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi nchini Uganda uhuru wa kutembea na wa kufanya kazi. Askari anayemsimamisha kwa sababu tu ya lafudhi yake hapunguzi foleni. Anaongeza gari moja lililosimama.

Basi msongamano wenyewe ulikua lini? Ulikua baada ya 1986, kwa sababu njema. Amani ilirudi, barabara ya Kampala ikajengwa upya, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kikaanzishwa Mbarara mwaka 1989, viwanda vya maziwa vikafuata, na katika miaka ya 1990, biashara ilipofunguliwa, magari yaliyokwisha kutumika Japani yakaanza kumiminika kwa bei ambayo mwalimu au mfanyabiashara wa ndizi aliweza kuiota. Hesabu ya watu ya mwaka 1991 iliukuta mji una wakazi 41,000 hivi. Ile ya 2002 ikaukuta na 69,000. Ile ya 2014, mipaka ikiwa imekwisha kupanuliwa, ikaukuta na 195,000. Tarehe 1 Julai 2020 Mbarara ikapewa hadhi ya jiji. Watu waliongezeka, mipaka ikaongezeka, hadhi ikaongezeka; High Street ilibaki na upana wake.

Bodaboda nayo ina historia yake. Ilianza mpakani Busia, kwa baiskeli zilizovusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda, na jina lenyewe ni mwito wa waendeshaji wale waliokuwa wakitaja mpaka kwa Kiingereza cha mitaani. Pikipiki ziliposhika nafasi ya baiskeli, zilijaza pengo lililoachwa na mabasi yaliyokufa. Hapana serikali iliyoziagiza. Zilikuja kwa kuwa mtu wa Kakoba au Nyamitanga alitaka kufika kazini na hapakuwa na basi. Tatizo lake kubwa si msongamano, bali mauti. Katika mwaka 2023 peke yake watu zaidi ya 4,500 waliuawa katika barabara za Uganda, na waendesha pikipiki pamoja na abiria wao ni fungu kubwa katika hesabu hiyo. Hesabu kama hiyo twaitarajia katika vita, na bado hatuiiti vita.

Tena yako malori ya kimataifa. Kontena linaloshushwa Mombasa kwenda Kigali au Bujumbura, na mengi ya yale yanayokwenda Kongo ya mashariki, husafiri kama kilomita 1,400 ndipo lifike Mbarara. Hapo njia huachana: moja kwenda Kabale na Katuna, nyingine Bushenyi na Kasese hadi Mpondwe, nyingine Isingiro na Kikagati hadi Tanzania. Mji wa namna hii hauna uwezo wa kuyatawala matukio yake. Rwanda ilipofunga Gatuna kwa malori mwishoni mwa Februari 2019, na kutokuifungua hadi 31 Januari 2022, magari yalilazimika kutafuta njia nyingine kupitia Mirama Hills, na madereva wakalala wasikotarajia. Mwaka 2020, vipimo vya korona vilipowekwa mipakani, foleni ya malori huko Malaba ilikuwa ya makumi ya kilomita. Amri hutolewa katika mji mkuu mmoja, na polisi wa mji wa mbali, katika nchi nyingine, ndiye anayeziona taa za breki.

Katika miaka ya 2010 ilijengwa, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, barabara ya mchepuko inayounganisha njia ya Masaka na njia ya Kabale bila ya kupita katikati ya mji. Ni kazi njema. Trela nyingi zimeondoka High Street. Hata hivyo foleni haikwisha, na hili halikupasa kumshangaza mtu yeyote, kwa maana sehemu kubwa ya magari yaliyomo mjini hayapiti: yanakuja pale pale. Lori la ndizi linakuja kuuza, teksi inakuja kushusha, mzazi anampeleka mtoto shule. Kampala ilikwisha kuyaona haya. Barabara yake ya mchepuko ya kaskazini, yenye kilomita 21, ilifunguliwa mwaka 2009, na haikupita miaka mingi ikawa imejaa hata kazi ya kuipanua ikabidi ianze.

Wala shida hii si ya Afrika peke yake, wala si ya gari la moto. Katika Roma, mwaka wa 45 kabla ya Kristo, Julius Caesar alipiga marufuku mikokoteni mingi kuingia mjini mchana. Mizigo ikahamia usiku, na mshairi Juvenal baadaye akalalamika kwamba kelele zake hazimpi mtu usingizi. Mjini London, tarehe 10 Desemba 1868, taa ya kwanza ya kuongoza magari ya farasi iliwekwa karibu na Bunge. Ilikuwa ya gesi, na askari polisi ndiye aliyeigeuza kwa mkono. Haikumaliza mwezi mmoja: ililipuka na kumjeruhi askari aliyekuwa zamu. Na taa ya rangi tatu ya kuongoza pande nne, tunayoijua leo, ilibuniwa mwaka 1920 na askari polisi wa Detroit, Marekani, jina lake William Potts, aliyechoka kuona mikono ya wenzake haitoshi. Singapore, mwaka 1975, iliamua kwamba mwenye gari anayetaka kuingia katikati ya mji asubuhi alipe kwanza. London ikafuata namna hiyo mwaka 2003.

Hatusemi Mbarara itoze kodi kama Singapore. Lakini katika mifano hii yote aliyepata nafuu ni yule aliyepanga saa na mahali, si yule aliyeongeza ukali wa kufukuza watu. Ndizi za Isingiro zinazokwenda Kampala husafiri usiku. Zile zinazouzwa mjini kwa nini zishushwe saa mbili za asubuhi? Msafara wa jeshi usio wa dharura kwa nini upite mjini ilhali mchepuko upo? Na kituo cha teksi za Isingiro na Nakivale, ambazo husimama popote abiria anapoinua mkono, hakiwezi kuhesabiwa kuwa kosa la dereva peke yake iwapo hapana mahali alipoonyeshwa.

Ama kuhusu lile gari la wagonjwa tulilolianzia, barabara ya mchepuko haiwezi kulifaa, kwa kuwa hospitali imo ndani ya mji. Litakalolifaa ni dereva wake kumpigia simu askari wa zamu akiwa bado yuko njiani Isingiro, na lori la ndizi kuwa limekwisha kuondolewa ukingoni mwa barabara kabla ya saa moja.